Kufunga taa ya nyuma ya baiskeli ikae: isicheze, isitazame juu, isifunikwe na mzigo

Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halina ubishi, kuanzia Ngamiani, Makorora, Duga, Sahare mpaka huko Mabokweni kila nyumba ina moja au mbili zimeegemea ukuta, na siku hizi watu wengi taa ya nyuma wanayo, si kwamba hawana. Shida ni ilivyofungwa. Simama barabara ya kwenda Pongwe jioni jua likishazama utajionea mwenyewe: huyu taa yake inamulika juu kama anatafuta popo, yule imelegea inaangalia tairi lake mwenyewe, mwingine ana taa nzuri kabisa ya kuchaji ila kaifunga kwenye siti halafu nyuma yake kapakia gunia la mkaa, sasa dereva wa lori la saruji anayekuja ataona nini hapo zaidi ya gunia, tena gunia lenyewe jeusi. Kwa hiyo sitaongea sana taa gani ununue, nataka tuongee kufunga, sababu taa ya bei ya chini iliyofungwa sawasawa inakulinda kuliko ya bei mbaya iliyobandikwa tu ilimradi.

Hesabu yenyewe ni hivi. Gari likitembea kilomita 50 kwa saa, ambao ndo mwisho unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Lori kubwa na basi mwisho wao huko nje ya mji ni 80, hapo ni mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akichelewa kukuona sekunde mbili tu ashasogea mita 44 na mguu bado haujagusa breki. Na huku kwetu giza halina subira, mwezi wa sita jua linazama kwenye saa kumi na mbili na robo jioni, mwezi wa pili linajivuta mpaka saa moja kasoro kidogo, ila likishazama tu nusu saa haifiki unakuta pametanda, na huo ndo muda watu wanatoka kazini, wanatoka Mgandini sokoni, wote wako barabarani kwa pamoja.

Anza na mzigo, sio na taa

Hapa nitakaa sana sababu ndo panapoharibika. Mtu akinunua taa anaenda kwa fundi anamwambia fundi nifungie hii, fundi anaifunga kwenye bomba la siti, ndo rahisi, dakika mbili kamaliza na mteja mwingine anasubiri. Kwa kijana mwenye baiskeli ya gia isiyo na keria, anayezunguka Raskazone jioni kufanya mazoezi, pale ni sawa kabisa, wala usimbadilishie. Lakini baiskeli nyingi za hapa ni za kazi. Zinabeba madumu ya maji, kreti la mikate, tenga la samaki wa soko la Deep Sea, kiroba cha unga, madafu, au mtu mzima kakaa nyuma na kanga yake au baibui linapepea. Vyote hivyo vinakaa juu ya keria, na bomba la siti liko mbele ya keria, yani mzigo unakaa katikati, taa huku dereva kule. Hata usipobeba kitu, kanzu au shati refu au koti la mvua likishuka nyuma ya siti taa imeshafunikwa na wewe hujui, sababu taa ya nyuma ina tabia hiyo, mwenyewe huioni.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: taa ikae mwisho kabisa wa baiskeli, nyuma ya pale mzigo unapoishia, na iwe chini ya usawa wa kitanda cha keria. Sehemu zinazotimiza hilo ni mbili tu, ncha ya nyuma ya keria na mgongo wa madigadi ya nyuma. Kama unabeba madumu ya kuning'iniza kushoto na kulia, ncha ya keria katikati inabaki wazi, funga hapo. Kama unabeba magunia yanayomwagika mpaka kuziba ncha ya keria basi kimbilia madigadi. Na kama unabeba vyote kwa siku tofauti weka taa mbili, siku hizi taa ndogo hazitishi bei, moja ikizibwa nyingine inaonekana, na moja ikiisha betri njiani nyingine inakufikisha nyumbani.

Urefu kutoka chini nao una maana. Uingereza sheria yao inataka taa ya nyuma iwe kati ya sentimita 35 na mita moja na nusu kutoka ardhini, na mimi naona ni kipimo kizuri hata kwetu, chini ya hapo tope la masika linaiziba kabla hujafika unakokwenda, na gari likiwa karibu sana boneti inaificha taa dereva asiione. Keria ya baiskeli ya ringi 28 iko sentimita sabini na kitu, pazuri. Kama katikati hakuna nafasi kabisa ikabidi uweke upande, weka kulia, sababu sisi tunaendesha kushoto na anayekupita anakupita kwa kulia, asikutafute.

Kitu kingine ambacho mafundi wengi hawakiangalii ni mlalo wa chuma unachofungia. Bomba la siti limelala kwa nyuma, kichwa chake kiko nyuma kuliko mguu wake, kwa hiyo taa ukiibana hapo bila kuinyanyua inatazama chini, na kwenye hizi baiskeli za Phoenix na Hero zilizolala zaidi inamulika lami karibu na tairi. Vile vyuma viwili vinavyoshuka kutoka chini ya siti mpaka kwenye ekseli ya nyuma vina mlalo wa kinyume, taa ukiifunga hapo inatazama juu, ndo hao wa popo niliowasema. Na taa za LED nyingi zina kioo kinachokusanya mwanga kwenda mbele yake moja kwa moja, ukitoka pembeni kidogo mwanga unapungua sana, kwa hiyo kulala nyuzi kumi na tano ishirini sio jambo dogo, dereva anaona nukta tu wakati ungeweza kumpa taa kamili.

Taa yenyewe, kwa kifupi

Nyekundu. Nasema hivi sababu naona vijana wanaweka bluu, kijani, zinazobadilika rangi kama ukumbini. Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri wa barabarani unataja baiskeli iwe na riflekta nyekundu nyuma na iweze kutoa mwanga mwekundu nyuma na mweupe au wa njano mbele, na dereva popote alipo akiona nyekundu anajua kuna kitu kinaenda mbele yake upande huohuo. Akiona nyeupe anadhani unakuja. Akiona kijani anadhani hiyo ni duka la simu.

Kumweka (yani kuwaka na kuzima haraka haraka) au kuwaka moja kwa moja? Kumweka kunashtua haraka, ila dereva anapata tabu kukadiria uko umbali gani, hasa kwenye giza tupu kama ukishapita taa za mji kuelekea Amboni au njia ya Pangani. Ukiwa na moja iache iwake moja kwa moja. Ukiwa nazo mbili, moja imweke nyingine itulie.

Dukani igeuze uangalie mgongo wake. Kama ina bolti au tundu la bolti nyuma, chukua. Kama ina kidude cha mpira wa kuzungushia tu, sawa, ila ujue hiyo ni ya bomba la siti na itabidi uisaidie, nitaeleza. Angalia pia mlango wa betri unafunga kwa skrubu au kwa kubana na kidole, ule wa kidole barabara ya mawe inaufungua yenyewe, betri zinadondoka huku unaendelea kupiga pedeli. Betri za duara bapa zilizoandikwa CR2032 (maana yake upana milimita 20 unene 3.2) kama nyumbani una watoto wadogo ziweke mbali sana, mtoto akimeza moja ni hospitali muda huohuo, inaunguza koo kwa ndani na hutakiwi kusubiri uone kama itatoka.

Vifaa

Spana namba 8 na namba 10, sababu bolti ya milimita 5 nati yake inashikwa na spana 8 na ya milimita 6 inashikwa na 10, hizo ndo utakutana nazo. Bisibisi ya nyota. Plaizi. Tupa au msasa. Kipande cha tyubu kuukuu, kwa fundi wa jirani utapewa bure anakuwa nazo rundo. Washa pana za kutosha (zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati), nunua nyingi kuliko unavyodhani. Nati zile zenye pete ya plastiki ndani, duka la nati na bolti wanazo, ukikosa nunua nati mbili za kawaida kwa kila bolti. Kebo tai nyeusi, vile vikanda vya plastiki vya kufungia waya. Ukipata bolti za stenlesi lipa hiyo nyongeza, tunaishi kando ya bahari, za kawaida zinashika kutu mpaka msimu mwingine huwezi kuzifungua bila kukata.

Kufunga kwenye ncha ya keria

Angalia keria yako mwishoni. Baiskeli nyingi za mtumba zilizotoka Ulaya zina kibati kimesimama nyuma ya keria chenye matundu mawili, na matundu hayo yanakuwa yameachana sentimita 5 au sentimita 8, hivyo vipimo ndo vya taa zao za keria. Kama unacho na taa yako ina bolti mbili zenye umbali huo, umebarikiwa, pitisha bolti kaza nenda zako. Taa ya bolti moja pia inakaa kwenye tundu mojawapo, au toboa la katikati.

Keria za kwetu za nondo mara nyingi hazina kibati. Hapo unatengeneza bano. Chukua kipande cha chuma bapa cha unene wa milimita 2 au 3, upana sentimita mbili na nusu, urefu kama sentimita 10 au zaidi kidogo ikitegemea keria yako. Kama una fundi wa kuchomelea karibu mwambie akichomelee wima kwenye nondo ya mwisho katikati, kimesimama au kimening'inia, mimi napenda kinachoning'inia sababu juu mzigo hautakigonga wakati wa kupakia. Asiyetaka kuchomelea anakunja ncha ya juu izungukie ile nondo, anatoboa tundu moja kwenye mkunjo anakaza na bolti, ila hapo weka tyubu kati ya nondo na bano la sivyo litazunguka, leo linatazama nyuma kesho linatazama chini.

Sasa mpangilio, na hapa naomba usiruke kitu. Kabla ya kutoboa shikilia taa kwa mkono mahali pake, mwenzako asimame nyuma aangalie kama imenyooka, ndo uweke alama. Toboa tundu kubwa kidogo tu kuliko bolti, bolti ya milimita 5 tundu la 5 na nusu, ukitoboa kubwa sana taa itakuwa inacheza humo ndani hata ukaze vipi. Piga tupa kingo zote za tundu na za bano, chuma kilichokatwa kinakata waya kinakata na vidole. Paka rangi pale palipobaki chuma kitupu, hata rangi iliyobaki ya geti inatosha, iache ikauke.

Halafu unapanga hivi: taa, kipande cha tyubu ulichokitoboa katikati, bano, washa pana, nati. Ule mpira unafanya kazi mbili, unazuia taa kuzunguka na unameza mtikisiko, maana plastiki ya taa ikikaa moja kwa moja juu ya chuma kwenye barabara ya kokoto inapasuka kwenye shingo ya bolti, na hiyo ndo sehemu taa nyingi zinafia, sio kwenye umeme. Kaza mpaka ukijaribu kuigeuza kwa mkono inagoma, halafu ongeza robo mzunguko, basta. Kuna watu wanakaza kwa hasira wanasikia kaaa, kumbe plastiki ndo ishasema kwaheri.

Kama huna nati ya plastiki ndani, tumia nati mbili: ya kwanza kaza kawaida, ishikilie na spana isizunguke, ya pili ikaze kwa nguvu dhidi yake. Zinabanana zenyewe hazifunguki kwa mtikisiko. Spana mbili zinahitajika hapo, azima moja.

Kwenye madigadi

Baiskeli za Phoenix na ndugu zake nyuma zina riflekta kwenye madigadi tayari, na wakati mwingine tundu lipo, kwa hiyo watu wanatoa riflekta wanaweka taa. Msitoe riflekta jamani. Riflekta haiishi chaji. Toboa tundu lingine juu yake.

Pa kutoboa: madigadi ni duara, kwa hiyo kila sehemu inatazama kwake. Juu karibu na keria inatazama mbinguni, chini kabisa inatazama lami, na panapotazama nyuma sawasawa ni usawa wa ekseli. Panda juu kidogo ya hapo, sentimita tano kumi hivi, ili usiwe chini mno, halafu tofauti ya mlalo iliyobaki unaimaliza kwa kuweka washa moja au mbili za ziada upande wa juu nyuma ya taa au kipande cha mpira wa tairi ulichokichonga kama kabari.

Bati la madigadi ni jembamba. Ukiweka bolti na nati tupu bati litapasuka kuzunguka tundu ndani ya muda mfupi, kwa hiyo washa pana ndani na nje, ndani ikiwezekana kipande cha bati kingine kama kiraka. Madigadi ya plastiki ndo kabisa. Na kabla hujakaza zungusha tairi uone ncha ya bolti kwa ndani haigusi, hasa kama tairi ni jipya lenye meno, ikizidi ikate na msumeno wa chuma uipige tupa. Hii usiichukulie poa, ncha ya bolti ikishachimba tairi unasimama katikati ya barabara usiku, na taa yako inawaka vizuri tu.

Kisha shika madigadi uitikise. Kama yenyewe inacheza, taa itacheza nayo. Kaza vile vyuma vyake vyembamba vinavyoishikilia kwenye ekseli kwanza.

Kwenye bomba la siti, kwa wasio na keria

Futa grisi na vumbi kwenye bomba mpaka likauke. Zungushia tyubu mzunguko mmoja au miwili, ibane taa juu yake. Kwa ule mlalo wa kutazama chini, weka kabari ndogo ya mpira nyuma ya taa kwa chini mpaka inyooke. Taa za mpira wa kuzungushia, ule mpira wake jua la huku linaukausha unapasuka, kwa hiyo mpira wa kiwandani ukae na juu yake ongeza kebo tai mbili, moja juu moja chini, kama umbo la taa linaruhusu. Kebo tai nyeusi ni bora kuliko nyeupe, nyeusi zina masizi ndani ya plastiki yanayozuia jua, nyeupe zinakauka zinakatika. Kata mkia wake usawa kabisa na kichwa, ule uliobaki umechomoza unachana suruali na paja.

Gundi, hapana. Najua kuna anayebandika kwa gundi ya dakika moja. Inashika siku ile ile unayoisifia halafu joto na mtikisiko vinaiachia, na ukitaka kubadilisha betri unafanyaje?

Wenye dainamo

Dainamo ya kusugua tairi kwa kawaida ni volti 6 wati 3, taa ya mbele inachukua 2.4 na ya nyuma 0.6, ndo maana ukiweka balbu ya mbele kwenye taa ya nyuma mambo hayaendi. Taa ya nyuma ya dainamo mara nyingi inakuwa na waya mmoja tu, umeme unarudi kwa kupitia fremu, kwa hiyo pale taa inapogusa madigadi na pale madigadi inapogusa fremu pakwangue rangi na kutu mpaka chuma king'ae, vinginevyo utanunua balbu mpya kila mara na tatizo sio balbu. Au pitisha waya wa pili mwenyewe umalize mchezo. Waya ufuate fremu, uufunge kwa kebo tai kila shubiri moja, usikaribie cheni wala spoku.

Ubaya wake ukisimama inazima. Ukiwa unasubiri kuvuka pale Majani Mapana usiku hapo katikati ni giza. Ongeza kataa kadogo ka betri.

Pima kabla hujatoka

Pima mara mbili. Kwanza ukutani: simamisha baiskeli kwa stendi mgongo wake ukitazama ukuta, hatua tano au sita kutoka ukutani, kukiwa giza. Katikati ya duara la mwanga pawe usawa wa taa yenyewe au chini kidogo sana. Likiwa juu ya taa, inamisha taa kidogo. Angalizo, stendi ya pembeni inalaza baiskeli, mtu aishikilie wima.

Pili, pakia. Pakia mzigo wako wa kawaida, au mkalishe bibi nyuma na kanga yake, mwachie mtu ashike baiskeli, wewe tembea nyuma hatua hamsini barabarani pembeni, geuka. Kaa kwanza wima, halafu chuchumaa usawa wa dereva wa gari dogo, halafu sogea kulia na kushoto. Unaiona kote? Basi. Ikipotea sehemu yoyote hapo ndo gari litakapotokea. Jaribu na kuipiga ngumi ndogo juu na pembeni, ikiyumba rudi kwenye spana. Baada ya siku chache za kuendesha kaza tena, mpira huwa unalala kidogo mwanzoni na bolti inapata ulegevu, baada ya hapo inatulia.

Wizi

Taa ya kuchomoa ni waja leo waondoka leo, tena inaondoka bila wewe. Ukiegesha sokoni au nje ya msikiti wakati wa Isha, ya kuchomoa chomoa weka mfukoni, fanya iwe mazoea kama kufunga kufuli. Asiyetaka usumbufu huo afunge kwa bolti na nati ya plastiki, ambayo bila spana mbili haitoki, na mwizi wa taa hatembei na spana mbili. Wengine wanapiga tupa kichwa cha bolti kiwe duara, hiyo nayo inazuia, ila siku taa ikifa utamlipa fundi kuikata.

Chumvi na mvua

Kile kitundu kidogo kwenye taa kinatakiwa kiwe chini, ndo mlango wa maji kutoka, watu wanaifunga kichwa chini miguu juu halafu wanashangaa taa imekuwa bakuli. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti kabla ya kukaza (kwa nati za plastiki usiogope, bado zinashika). Kwenye vyuma vya betri paka vaselini nyembamba sana kuzuia ile kutu ya kijani, ila isiguse ule mpira wa kuziba maji, mafuta yanaulainisha unavimba. Kioo kifute kwa kitambaa chenye maji, vumbi jekundu la njia za ndani likishaganda mwanga nusu umekwenda. Baiskeli ikikaa muda bila kutumika toa betri.

Na ongeza ile riflekta ya kubandika, ile ya malori, maduka ya spea wanakata kwa futi. Nyekundu nyuma kwenye madigadi, na vipande vidogo nyuma ya pedeli, pedeli inapanda inashuka kwa hiyo dereva anajua mara moja hiyo ni baiskeli na sio kibao. Safisha kwa petroli kidogo kwanza na pakauke, mbali na moto, ndo ubandike.

Wenye guta, zile baiskeli za magurudumu matatu za kubebea mizigo, nimewaweka mwisho ila nyie ndo mna kazi zaidi. Taa moja katikati haiwatoshi, dereva akiona nukta nyekundu moja anahesabu upana wa baiskeli, anakupita kwa upana huo huo, na gurudumu lako la kulia liko nje ya hesabu yake. Fungeni mbili, moja kila kona ya nyuma ya bodi, nje kabisa, usawa mmoja, zote ziwake moja kwa moja bila kumweka, bolti ipite kwenye chuma cha fremu na sio kwenye ubao, maana ubao ukiloa na kukauka tundu linapanuka.